Mji Unaoujua Moto: Niliyojifunza Nikiishi Kyoto

Kyoto imeungua mara nyingi. Naanza na hilo kwa sababu wageni wengi huuona mji huu kama hazina iliyofungiwa kabatini tangu enzi za kale, na picha za utalii zinawapa kila sababu ya kuamini hivyo. Vita vya Ōnin vilivyoanza mwaka 1467 vilidumu miaka 10 na kuacha sehemu kubwa ya mji ikiwa majivu. Mwaka 1788 moto ulizuka katika nyumba moja mashariki ya mto Kamo, upepo ukauvusha mto, ukala karibu mji mzima pamoja na kasri la mfalme. Mwaka 1864 majeshi yalipigana kwenye malango ya kasri hilohilo, na nyumba zaidi ya 20,000 zikateketea. Huu ulikuwa mji wa wafalme wa Japani kuanzia mwaka 794 hadi mfalme Meiji alipohamia Tokyo mwaka 1869, na muda wote huo ulikuwa mji wa mbao, mianzi, karatasi na udongo.

Niliishi huko nikiwa mwanafunzi, mtu wa Tanga niliyekwenda kusomea historia ya majengo. Vitabu vilinipa miaka na majina ya watawala. Jinsi mji unavyotunzwa nilifundishwa na mtaa.

Chumba nilichopanga kilikuwa Nishijin, kaskazini-magharibi mwa mji, mtaa wa wafumaji wa hariri uliopata jina lake kutokana na kambi ya jeshi la magharibi wakati wa vita vile vya Ōnin. Nyumba yenyewe ilikuwa machiya, nyumba ya mjini ya wafanyabiashara na mafundi: nyembamba upande wa barabara, ndefu kwenda nyuma, ikiwa na kibustani katikati cha kuingizia hewa na mwanga. Mchana nilisikia vitanda vya mfumi vikigonga katika nyumba za jirani. Vingi vya vitanda hivyo ni vya aina ya Jacquard, mtambo unaofuma nakshi kwa kufuata kadi zilizotobolewa. Mwaka 1872, mji ulipokuwa umempoteza mfalme pamoja na wateja wake wakubwa, Kyoto iliwatuma mafundi hadi Lyon, Ufaransa, wakajifunze mtambo huo na kuuleta nyumbani. Ufumaji wa Nishijin unaosifiwa leo kuwa wa asili ulikwepa kifo kwa njia hiyo.

Kitu cha kwanza nilichokiona mtaani ni ndoo nyekundu. Zimepangwa mbele ya nyumba, zimeandikwa kwa rangi nyeupe kuwa ni za kuzimia moto, na zimejaa maji. Bibi mwenye nyumba, aliyekuwa amevuka miaka 80, alibadilisha maji ya ndoo zake mwenyewe ili mbu wasizaliane, na wakati wa baridi alipasua barafu iliyoganda juu. Mji una kikosi cha zimamoto cha kisasa, mabomba yapo chini ya barabara, lakini barabara za Nishijin ni nyembamba na nyumba zimeegemeana. Aliniambia gari la zimamoto litafika, ndiyo, ila dakika za mwanzo ni za watu wa hapa.

Jikoni kwake niliona mambo mengine. Dari halikuwepo: juu ya jiko paliachwa wazi hadi kwenye paa, ili moshi upande na cheche zizimike kabla ya kugusa mbao. Ukutani ilibandikwa karatasi ya hirizi kutoka Atago, mlima wa mita 924 magharibi mwa mji, ambako kuna hekalu la mungu anayekinga moto. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Agosti maelfu ya watu huupanda mlima huo kwa taa za mkononi, na wazazi huwabeba watoto wao mgongoni, kwa imani kwamba mtoto aliyefikishwa kileleni kabla ya kutimiza miaka mitatu hatapatwa na balaa la moto maisha yake yote. Juu ya rafu, karibu na jiko, palikuwa na vinyago vya udongo vya Hotei, mzee mnene anayecheka, vimepangwa kuanzia kidogo hadi kikubwa. Kwa desturi hununuliwa kimoja kila mwaka Fushimi, kwenye hekalu la Inari, hadi vitimie saba. Akifariki mtu nyumbani kabla seti haijakamilika, hesabu huanza upya.

Nilivitazama vitu hivi kwa macho ya mtu wa majengo, na nikaona kwamba nafasi juu ya jiko, hirizi ya ukutani, kinyago na ndoo ya maji ni mambo ya fungu moja. Kila kimoja kinamlazimisha mtu kuukumbuka moto akiwa mahali ambapo moto huanzia. Mtu asiyeamini mungu wa Atago bado anaisoma karatasi ile kila anapowasha jiko.

Halafu kuna utaratibu wa watu. Kila mtaa mdogo una umoja wake wa wakazi, na mtu aliyekulia Tanzania atauelewa haraka akiwaza balozi wa nyumba kumi. Ubao wa matangazo huzunguka nyumba hadi nyumba: unasoma, unatia alama, unampelekea jirani. Asubuhi kila nyumba hufagia mbele ya mlango wake na kuvuka kidogo tu upande wa jirani. Ukiishia mpakani unaonekana una roho ngumu, ukifagia kwake kote unamfanya aone ana deni. Bibi alinionyesha kwa ufagio mahali pa kukomea, karibu urefu wa dhiraa moja. Mwezi wa Desemba tulitembea usiku, wazee, watoto na mimi, tukigonganisha vipande viwili vya mti mgumu na kupaza sauti ya kuwataka watu wachunge moto. Sauti ya vile vipande husafiri mbali hewani kukiwa na baridi.

Umoja wa mitaa ulikuwa na nguvu ambayo wasomaji wengi wa historia ya Japani huipita haraka, wakiwakimbilia mashoguni, yaani watawala wa kijeshi, na mashujaa wa upanga. Chukua mwaka 1869. Mfalme ameondoka, matajiri na watumishi wa ikulu wamemfuata, mji unapungua watu. Mwaka huohuo wakazi wa Kyoto walifungua shule za msingi 64, moja kwa kila kundi la mitaa, miaka mitatu kabla serikali kuu haijatoa sheria ya elimu kwa nchi nzima. Fedha zilichangwa pia kwa kuhesabu majiko: kila nyumba yenye jiko ilitoa sehemu yake. Shule hizo hazikuwa madarasa peke yake. Zilikuwa mahali pa mikutano ya mtaa na ofisi zake, na nyingine zilijengewa mnara wa kuchungulia moto. Baadhi ya majengo yaliyorithi viwanja vya shule hizo bado yanatumika kwa kazi nyingine: Meirin sasa ni kituo cha sanaa, Tatsuike ni makumbusho ya manga. Miaka michache baadaye mji ulichimba mfereji kutoka ziwa Biwa, ukakamilika mwaka 1890 chini ya mhandisi kijana Tanabe Sakurō. Maji yake yakazalisha umeme, na mwaka 1895 tramu ya kwanza ya umeme nchini Japani ikapita Kyoto. Nawaheshimu sana watu wa kizazi kile. Walinyang'anywa hadhi ya makao makuu iliyodumu zaidi ya miaka elfu, wakajibu kwa shule na maji.

Lakini pale nilipouona umoja huo kwa ukamilifu wake ni kwenye sherehe ya Gion.

Mwaka 869 maradhi yaliua watu wengi nchini. Ikulu iliamuru mikuki 66 isimamishwe katika bustani ya Shinsen-en, mmoja kwa kila jimbo la nchi wakati ule, ili kuzituliza roho zilizodhaniwa kuleta maafa. Kutokana na ibada hiyo ilikua sherehe inayochukua mwezi mzima wa Julai, chini ya hekalu la Yasaka. Kilele chake ni maandamano ya tarehe 17 na tarehe 24, ambapo magari makubwa ya mbao yanayoitwa yamaboko hupita mjini, yakiwa yamevikwa vitambaa vya thamani. Kila gari ni mali ya mtaa mmoja. Si la hekalu wala la serikali. Vita vya Ōnin viliivunja sherehe kwa zaidi ya miaka 30, na ilipofufuliwa mwaka 1500 waliolipa ni wenyeji. Mwaka 1533 watawala walizuia ibada ya hekalu, na watu wa mitaa wakapeleka ombi: hata ibada isipokuwepo, magari yao yaruhusiwe kupita. Nililisoma ombi hilo darasani, lakini nilielewa uzito wake nilipoona kazi yenyewe.

Kuanzia siku ya kumi hivi ya Julai magari hujengwa upya barabarani kutoka kwenye vipande vilivyohifadhiwa ghalani. Hakuna msumari. Mbao hufungwa kwa kamba za majani ya mpunga, mita mamia kwa mamia, mafundi wakizunguka nguzo na kukaza kwa nyundo, na mafundo yenyewe ni mazuri kuyatazama. Nilimuuliza mzee mmoja, kwa heshima inayompasa fundi wa umri wake, kwa nini wasitumie bolti. Alinijibu kwamba gari lenye bolti likipita kwenye mtikisiko hupasuka, na lenye kamba hucheza. Gari kubwa likikamilika na kupakiwa watu hukaribia tani 12. Magurudumu yake hayawezi kukata kona, kwa hiyo kwenye njia panda hutandazwa vipande vya mianzi mibichi, humwagiwa maji, na wavutaji hulivuta gari ubavuni mpaka liteleze na kugeuka. Umati hupiga kelele kila linapoitika.

Mavazi ya magari yanastahili siku nzima ya kutazama. Yapo mazulia kutoka Uajemi na India, hariri ya China, kazi za Nishijin. Pazia la mbele la gari la Kanko-hoko lilifumwa Ulaya katika karne ya 16 na linaonyesha kisa cha Biblia, Rebeka akimnywesha maji mtumishi wa Ibrahimu. Wafanyabiashara wa Kyoto walinunua kitambaa hicho kwa uzuri wake, wakakitundika kwenye gari la ibada ya kufukuza maradhi, na kilipita mjini katika enzi ambazo Ukristo ulikuwa marufuku Japani.

Nilipata nafasi ya kuvuta yama, mojawapo ya magari madogo ya sherehe, kwa kuwa mitaa mingi ya katikati ya mji haina tena vijana wa kutosha na huwaita wanafunzi, hata wageni. Tulivaa viatu vya majani ya mpunga. Joto la Julai Kyoto ni la bondeni, halina upepo, na mtu wa Pwani mwenzangu asidhani atalizoea. Kabla ya kuondoka, kiongozi wa mtaa alitushukuru mmoja mmoja kwa kuinama. Palepale nilielewa kwamba kwake mimi nilikuwa mkono uliohitajika ili kitu cha karne nyingi kipite barabara hii tena mwaka huu.

Upande wa sheria nao unaanzia motoni. Hekalu la Hōryū-ji, katika mkoa wa Nara, lina majengo ya mbao ya kale kuliko yote yaliyobaki duniani, ya karne ya 7 na mwanzo wa karne ya 8. Tarehe 26 Januari 1949 moto uliwaka ndani ya ukumbi wake mkuu na kuharibu michoro ya ukutani iliyokuwa imedumu zaidi ya miaka 1,200. Mwaka 1950 bunge likapitisha sheria ya kulinda mali za utamaduni, na mwaka huohuo, mwezi Julai, Kinkaku-ji ya Kyoto, banda la dhahabu lenye asili ya mwaka 1397, likachomwa na mtawa kijana wa hekalu lenyewe. Banda linalopigwa picha leo lilikamilika mwaka 1955. Tangu mwaka huo, kila Januari 26 mahekalu hufanya mazoezi ya kuzima moto. Nililishuhudia zoezi moja: watawa wakikimbia na mipira, majirani wakiwa na vyungu na ndoo, maji yakirushwa juu ya paa katika baridi kali. Ndani ya sheria ile mna jambo lililoniathiri kuliko yote niliyoyasoma: inalinda pia ujuzi. Marekebisho ya mwaka 1975 yaliongeza kifungu cha kutambua kazi za mikono ambazo bila hizo majengo ya kale hayawezi kutengenezwa.

Maana ya kifungu hicho niliiona kwenye hekalu la Kiyomizu-dera. Nilipofika Kyoto mwaka 2018 ukumbi wake mkuu ulikuwa umefunikwa kwa jukwaa la ujenzi, na watalii wengi walisikitika. Mimi nilifurahi. Ukumbi huo ulijengwa mwaka 1633 baada ya moto, na baraza lake maarufu limesimama kwenye nguzo ndefu za mti wa keyaki, mita 13 juu ya mteremko. Paa lake limeezekwa kwa magome ya hinoki, mti wa jamii ya saipresi. Magome hayo huchunwa kwenye mti ulio hai, wenye umri wa miaka 70 au zaidi, na fundi anayejua kina cha kukata huuacha mti ukiwa mzima, ukaota gome jingine la kuchunwa baada ya miaka kama kumi. Waezekaji hupanga gome juu ya gome na kulipigilia kwa misumari ya mianzi wanayoishika mdomoni. Paa la namna hiyo hudumu miaka 30 hadi 40, basi. Ni muda unaotosha fundi aliyeezeka akiwa kijana kumfundisha kijana mwingine paa linalofuata. Paa likidumu miaka 300, mafundi wangetoweka. Kwa ajili ya nguzo, hekalu lilinunua milima na kupanda miti ya keyaki, miti ambayo hakuna aliyeipanda atakayeiona ikikatwa. Hekalu la Kasuga Taisha la Nara nalo limekuwa likifanya ukarabati mkubwa kila baada ya miaka 20 hivi, na mwaka 2016 lilikamilisha wa 60.

Nara yenyewe, makao makuu kuanzia mwaka 710 hadi 784, nilikwenda mara nyingi kwa treni. Ukumbi wa hekalu la Tōdai-ji uliungua mwaka 1180 na tena mwaka 1567. Uliopo ni wa mwaka 1709, mwembamba kuliko ule wa kwanza kwa karibu theluthi nzima, na bado ukisimama chini ya sanamu ya Buddha shingo inauma. Nyuma yake kuna ghala la Shōsō-in, ambalo halikuungua. Lilipokea vitu vya mfalme Shōmu mwaka 756, na ndani yake mna pia bakuli la kioo lililotoka Uajemi. Kila vuli sehemu ndogo ya hazina hiyo huonyeshwa kwa wiki chache kisha hurudishwa.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Kyoto ilikuwa kwenye orodha ya miji ya kupigwa bomu la atomiki hadi Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani, alipoiondoa. Hilo linajulikana. Lisilosemwa sana ni kwamba mji ulijibomoa wenyewe: mwaka 1945 nyumba zilivunjwa kwa safu ndefu ili kuacha nafasi ambayo moto wa mabomu usingeweza kuivuka. Barabara pana za Oike, Gojō na Horikawa zilitokana na ubomoaji huo. Horikawa ipo karibu na nilipoishi. Bibi aliivuka kila alipokwenda sokoni, na aliwakumbuka jamaa zake waliopewa siku chache kuhama. Hakuitaja kwa uchungu, ila hakuwahi kuiita barabara nzuri.

Sasa machiya zinapungua, na moto hauhusiki sana. Zinavunjwa kwa sababu ya kodi ya urithi, bei ya viwanja, watoto walioko Tokyo, na hoteli. Mwaka 2007 jiji lilishusha kimo cha juu cha majengo ya katikati kutoka mita 45 hadi 31 na kupiga marufuku mabango ya juu ya paa. Ni uamuzi wa ujasiri ambao ningependa kuuona katika miji mikongwe ya Pwani yetu. Hata hivyo, sheria ya kimo inalinda mandhari. Haiwezi kumweka mtu ndani ya nyumba wala kujaza ndoo maji.

Kwa hiyo nilifuatilia kwa hamu habari za Takayama, gari la Gion lililoharibiwa na mvua kubwa mwaka 1826 likaacha kushiriki, kisha mbao zake zikaungua katika moto wa 1864. Sanamu zake tatu ziliokolewa, na mtaa uliendelea kuzitoa na kuziheshimu kila Julai. Mwaka 2019 niliwaona wakiandamana kwa miguu na sanduku tu. Miaka miwili iliyofuata maandamano yalisitishwa kwa ajili ya korona, ugonjwa wa kuambukiza ukiisimamisha sherehe iliyozaliwa na ugonjwa. Tarehe 24 Julai 2022 gari lilirudi, limejengwa upya kwa kuchunguza michoro ya kale, na idadi ya magari yote ikafika 34. Nilikuwa pembeni ya barabara ya Oike. Wazee wa mtaa walitangulia mbele wakiwa wamevaa mavazi rasmi, na wengine walishindwa kuzuia machozi. Mtaa huo uliokaa miaka 196 bila gari sasa una kazi kila mwaka: kutafuta wavutaji, kuanika vitambaa vya hariri baada ya maandamano, kununua kamba mpya, na kupanga zamu za wakesha wa ghala.